Mpini wa sentimita 60 kwa nati zilizokazwa kupita kiasi

Gereji ya Mtwara ikiwa na hela ya kifaa kimoja tu, inunue mpini mrefu wa nusu inchi, yaani upana wa kichwa chake kinachoingia kwenye soketi, kikombe cha kushikia nati. Ni ule usio na racheti, yaani meno ya ndani ya kuzungushia upande mmoja: chuma kitupu chenye kichwa kinachopinda, urefu wa sentimita 60. Gari zinazolala karibu na bahari, Shangani au Mikindani, zitaupa kazi mapema, maana hewa ya chumvi inaingia kwenye nyuzi za nati, kisha kutu inaongezea ugumu juu ya mkazo wa fundi aliyepita.

Kinacholipiwa hapa ni urefu. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 30 kwenye racheti ya sentimita 25, unapata takriban nyutonimita 75, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Nguvu hiyohiyo kwenye sentimita 60 inafika 180. Bolti ya puli ya krenki (gurudumu la mkanda mwishoni mwa shafti kuu ya injini) ya injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST nyingi, hukazwa kwa nyutonimita 128, kwa hiyo racheti fupi inashindwa hata kabla ya kutu. Wengi huchomeka bomba la maji kwenye racheti. Nguvu inapatikana, ila mzigo wote unabebwa na meno madogo ya ndani, na yakikatika ngumi inaishia kwenye rejeta. Mpini huu hauna meno ya kukatika. Udhaifu wake ni pini ya pale kichwa kinapopinda. Dukani chomeka soketi, tikisa kichwa kushoto na kulia. Kikicheza sana, uache.

Usiutumie na soketi za pembe kumi na mbili. Hizo hushika nati kwenye ncha za pembe, na kwa nguvu hii pembe zinalika mara moja. Nunua za pembe sita, namba 14, 17, 19 na 21 (milimita za upana wa nati), ambazo husukuma ubavu wa nati. Kiungio, kile chuma cha kurefusha kati ya mpini na soketi, kiwe kifupi, au usitumie kabisa: kirefu kinajipinda chenyewe na kula nguvu kabla haijafika kwenye nati.

Namna ya kuutumia ndiyo inayoamua kama nati itatoka au stadi, ule msumari wa nyuzi unaobeba nati, itakatika. Sugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya, weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri angalau dakika 20; nati za manifodi ya ekzosi ziache zilale nayo usiku mzima. Gonga kichwa cha nati kwa nyundo mara kadhaa, mapigo mafupi, ili kutu ipasuke na mafuta yapenye. Kandamiza soketi mpaka ikae sawasawa, mkono wa kushoto ukiishikilia isilale upande, kisha vuta mpini kuelekea kwako, taratibu, bila kurusha mwili. Nati ikilia "ta!" na kusogea, imeachia. Ikisogea kama mpira, laini bila mlio, simama hapohapo: stadi inajisokota. Irudishe, ongeza mafuta, rudia. Hata iliyoachia ikianza kukaza njiani, irudishe nusu mzunguko kabla ya kuendelea.

Ikigoma kabisa, pasha nati yenyewe moto, siyo stadi, ili itanuke. Mafuta ya kulegeza yafutwe kwanza kwa sababu yanashika moto, na mipira ya petroli iwe mbali. Kwenye silinda hedi ya aluminiamu moto si wa kuchezea. Hedi ikipinda, gharama yake inazidi stadi kumi.

Puli ya krenki ina jambo lake. Gari la gia za mkono unaliweka gia ya tano, mwenzako anakanyaga breki, krenki inatulia. Gari la otomatiki halishiki hivyo. Tafuta kishikio cha puli au spana ya mnyororo. Ule ujanja wa kuegemeza mpini kwenye chasisi na kupiga stata hatuupendekezi kwa yeyote: mpini ukichomoka unaruka na nguvu yote ya stata.

Bolti za namba 10 na 12 usizisogelee na mpini huu. Ya namba 10 kwa kawaida ina unene wa milimita 6, hukazwa kwa nyutonimita 10 hivi, na hapa utaikata bila hata kuhisi. Kukaza nako usiutumie: rudishia nati kwa toki renchi, spana inayopima mkazo.