Ukumbi wa mpira wa Chikongola na mnada wa randi 125

Kwa miaka minne nimekuwa nikitazama mpira katika ukumbi mmoja ulioko Kata ya Chikongola, hapa Mtwara mjini. Sitautaja kwa jina, kwa sababu sehemu ya nitakayoyaandika ni lawama na mwenye ukumbi ni mtu ninayemheshimu, ingawa wakazi wa mtaa ule watautambua mapema. Ni kibanda umiza, jina ambalo Watanzania tumezoea kuziita kumbi za namna hii, na katika baadhi ya mambo jina hilo bado linaustahili. Nauandikia tathmini sasa kwa sababu, tangu kampuni ya Kifaransa ya Canal+ ilipojitokeza kuinunua MultiChoice ya Afrika Kusini, wenye DStv na chaneli za SuperSport, ukumbi huu umekuwa pia baraza la kujadili jambo ambalo kila anayetoa shilingi elfu moja mlangoni ana haki ya kulijadili, yaani kama kile atakachoonyeshwa msimu ujao kitakuwa kile kile anachokipenda leo.

Nianze na ukumbi wenyewe. Kuta ni za matofali hadi kifuani, kisha mabati. Paa ni la bati tupu lisilo na dari, na mwezi wa Desemba, saa kumi jioni, joto lililomo ndani ni la tanuri. Mabenchi ni ya mbao ngumu yasiyo na egemeo, na yale ya safu mbili za nyuma yana misumari iliyochomoza ambayo nimeshamwambia mwenye ukumbi mara tatu aigongomee, naye mara tatu ameniitikia kwa upole bila kuigongomea. Televisheni ni mbili: ya kushoto huonyesha Azam kwa ajili ya ligi ya nyumbani, na ya kulia, iliyo kubwa zaidi, huonyesha SuperSport. Siku Namungo ya Ruangwa inapocheza na Simba au Yanga, ya kushoto ndiyo hujaza watu, kwa kuwa tangu Ndanda, timu ya hapa Mtwara, iliposhuka daraja mwaka 2020 mashabiki wake wengi, wana Kuchele, wamekosa timu ya kuishangilia katika Ligi Kuu, na baadhi yao wameazima ile ya jirani zetu wa Lindi. Siku nyingine zote watu hukaa upande wa kulia.

Yapo mambo mawili ninayoyasifu bila kusita. Kwanza, hakuna mtoto anayeingia akiwa na sare ya shule, hata akija na pesa zake mkononi, na nimemwona mwenye ukumbi akimrudisha mtoto wa dada yake mwenyewe. Pili, nje ya mlango hukaa mama mmoja mwenye sinia la ming'oko ya kuchemsha na kopo la chumvi iliyotwangwa na pilipili, na mapumziko ya dakika kumi na tano hutosha kabisa kula fungu moja na kurudi ndani kabla ya kipindi cha pili. Anayekuja Mtwara kwa mara ya kwanza asiondoke bila kuvionja vile vizizi vyembamba.

Ubora wa ukumbi wowote wa mpira hupimwa kwa picha na sauti. Picha ni safi, isipokuwa mvua ya masika inapokuwa kubwa. Sauti ndiyo iliyonifanya nifahamu kwa nini suala la Canal+ linawagusa watu hapa kwa namna ambayo wachambuzi wa masoko ya hisa hawawezi kuiona. Jumapili moja Arsenal ilipokuwa ikicheza, umeme ulikatika katika dakika ya thelathini hivi. Jenereta liliwashwa, king'amuzi kikawaka upya, na kijana aliyeachiwa kazi siku hiyo akairudisha mechi ikiwa na utangazaji wa Kiingereza. Goli lilikuwa halijafungwa, hakuna tukio lolote lililotupita, na picha ilikuwa ile ile. Hata hivyo ukumbi mzima ulipiga kelele kama uliodhulumiwa. Kijana akaishika rimoti, ile iliyofungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili betri zisidondoke, akabonyeza, akakosea, akabonyeza tena, mpaka mzee mmoja aliyekaa mbele alipomwambia, "Mwanangu, nipe mimi." Mzee akatafuta sehemu ya kuchagua lugha, akakiweka Kiswahili, na sauti ya mtangazaji iliporudi watu walikaa kimya kwa mara moja, kimya cha mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Mzee huyo alikuwa karani wa ghala la korosho kabla ya kustaafu, na ndiye aliyetufafanulia habari yote ya ununuzi kwa lugha ambayo kila mtu wa kusini anaielewa. Canal+ ilikuwa ikinunua hisa za MultiChoice kidogo kidogo tangu mwaka 2020. Februari 2024 ilijitokeza hadharani na kutaja bei ya randi 105 kwa kila hisa, na bodi ya MultiChoice ikaikataa siku chache baadaye kwa kusema kuwa bei hiyo iko chini ya thamani halisi ya kampuni. Wakati huo huo hisa ambazo Canal+ ilizimiliki ndani ya MultiChoice zilikuwa zimevuka asilimia 35, na kwa sheria za Afrika Kusini anayevuka kiwango hicho hulazimika kuwatolea wanahisa wote waliobaki ombi rasmi la kununua hisa zao, hivyo msimamizi wa masuala hayo akaiagiza ifanye hivyo. Machi bei ikapanda hadi randi 125, ambayo kwa kampuni nzima ni kama randi bilioni 55. "Ni mnada wa stakabadhi ghalani tu," alisema mzee, akimaanisha ule mnada wa korosho zilizokusanywa ghalani. "Mnunuzi analeta barua ya bei, wenye mzigo wanaikataa, anakwenda, anarudi na barua nyingine. Tofauti ni kwamba sisi hapa siyo wenye mzigo."

Naamini hakuna aliyeieleza hali ya mashabiki vizuri zaidi ya hapo. Mkulima wa Newala au Tandahimba anapoikataa bei mnadani, anakataa kwa sababu korosho ni zake; mwaka 2018 wakulima wetu waliposimama kidete, serikali iliingia na kutangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Shabiki anayelipia kifurushi hana hisa, hana kura, wala hana barua ya kuikataa. Alichonacho ni mazoea na mapenzi ya miaka mingi, na vitu hivyo havikuandikwa popote katika hesabu ya randi 125, ingawa bila ya hivyo kusingekuwa na cha kuuzwa.

Mabishano ukumbini yamekuwa ya haki na ya heshima kwa kiasi kikubwa. Vijana wengi walifurahi tangu mwanzo, na hoja yao ina nguvu. MultiChoice ilifunga mwaka wake wa fedha Machi 2025 ikiwa na wateja milioni 14.5, baada ya kupoteza milioni 2.8 katika muda wa miaka miwili, na kampuni inayopungukiwa kwa kasi hiyo haiwezi kuendelea kununua haki za mechi kubwa kama zamani. Walikumbusha pia yaliyotokea Januari 2024, Taifa Stars ilipokuwa ikielekea Ivory Coast kwa AFCON, ambapo SuperSport ilitangaza kwanza kuwa haikupata haki za kuonyesha mashindano hayo, kisha siku chache baadaye ikazipata kwa makubaliano na New World TV ya Togo. Nazikumbuka siku zile vizuri, kwa sababu mwenye ukumbi alikuwa amekwisha kununua viti ishirini vya plastiki kwa ajili ya mashindano hayo na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Kijana mmoja wa bodaboda alihitimisha kwa methali tunayoijua sote, mgeni njoo mwenyeji apone.

Wazee hawakuikubali methali hiyo kwa urahisi. Mmoja wao, baba wa jirani yangu, alikumbusha mwaka 2013, mji huu ulipowaka kwa maandamano ya kupinga bomba la gesi, na jinsi bomba hilo lilivyojengwa hata hivyo hadi Dar es Salaam. Hakuwa akizilinganisha gesi na televisheni, na alisema hivyo waziwazi. Alichotaka kijulikane ni kwamba mtu wa Mtwara ameshaona maamuzi makubwa yakifanywa mbali naye, na ndiyo maana anaposikia kwamba mwenye mali sasa yuko Paris badala ya Johannesburg, swali lake la kwanza huwa ni nani atakayemkumbuka. Mimi niko karibu na upande huu wa wazee, japokuwa sioni kwamba Johannesburg ilikuwa karibu nasi sana.

Ukiyasoma masharti yaliyoambatana na ununuzi, utaona kwamba Afrika Kusini ilijilinda vizuri. Sheria yake hairuhusu wageni kuwa na zaidi ya asilimia 20 ya kura katika kampuni yenye leseni ya utangazaji, na kwa hiyo sehemu yenye leseni ilitengwa na kuwekwa chini ya umiliki wa wazawa walio wengi. Baraza la ushindani la nchi hiyo lilitoa idhini Julai 2025 kwa masharti, likiwemo la kutopunguza wafanyakazi kwa miaka mitatu, pamoja na ahadi za manufaa ya umma zenye thamani ya randi bilioni 26 hivi kwa muda huo huo. Septemba 2025 Canal+ ikashika usukani, na kwa pamoja kampuni hizo mbili zina zaidi ya wateja milioni 40 katika nchi zinazokaribia 70. Ni masharti mazuri, na nawapongeza walioyapigania. Lakini yanalinda ajira na uzalishaji wa Afrika Kusini. Mtangazaji wa Kiswahili anayetufanya tukae kimya dakika ya thelathini, na tamthilia za chaneli ya Maisha Magic Bongo ambazo mke wangu na dada zake huzijadili kana kwamba wahusika ni majirani zetu, vinategemea utashi wa wenye kampuni na idadi ya watu wanaolipa.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Canal+ ilianzishwa Ufaransa mwaka 1984 na nguvu yake barani Afrika imekuwa katika nchi zinazozungumza Kifaransa, ambako imejenga soko kubwa kwa miaka mingi. Haina sababu ya kukichukia Kiswahili, ila haijawahi kukihitaji. Kampuni mbili zinapoungana hutafuta vitu vinavyofanana ili ziviunganishe na kupunguza gharama, na lugha ambayo ofisi kuu haiielewi huonekana kwa urahisi kuwa gharama. Natamani mno niwe nimekosea. Natamani pia mtu mwenye mamlaka katika kampuni hiyo akae siku moja katika benchi letu la mbele, asikie kelele za ukumbi lugha inapobadilika, kwa sababu hakuna utafiti wa soko utakaomweleza jambo hilo kwa uwazi zaidi.

Mwenye ukumbi mwenyewe ana hesabu zake. Vifurushi vya DStv kwetu vina majina yanayopendeza masikioni, Poa, Bomba, Shangwe, lakini mechi kubwa zaidi hukaa katika vile vya bei ya juu, naye huvilipia mwezi kwa mwezi kwa viingilio vya milangoni. Nilipomuuliza kama mabadiliko ya umiliki yamemfanya afikirie kuondoa televisheni ya kulia na kubaki na Azam, alinionyesha daftari lake la mapato, lenye jalada lililolowa mafuta ya taa, ambamo kila mechi imeandikwa na idadi ya watu waliolipa. Kurasa za ligi ya Uingereza zimejaa. Kurasa za ligi ya nyumbani zina siku chache zilizojaa na nyingi zenye watu saba au wanane. "Kaka, nikiondoa kile kisima, hawa watakunywa wapi?" aliniuliza, na sikuwa na jibu.

Basi kwa anayetaka kwenda, ushauri wangu ni huu. Afike nusu saa kabla ya mechi, akae upande wa kulia safu ya pili au ya tatu, na ayakwepe kabisa mabenchi ya nyuma hadi misumari itakapogongomewa. Avae nguo nyepesi. Asiende na mtoto usiku, kwa sababu njia ya kutokea ni moja tu na ni nyembamba, kasoro ambayo naiona kubwa kuliko zote na ambayo nimemwandikia mwenye ukumbi kwa barua, kwa kuwa siku watu mia na zaidi watakapotaka kutoka kwa pamoja mlango ule hautawatosha. Ameniahidi kuvunja ukuta wa upande wa barabara na kuweka mlango wa pili mauzo ya korosho yatakapoanza na wateja watakapokuwa na pesa. Nitarudi kuangalia Novemba, na nikiukuta mlango nitaandika tena.