Tenki la lori kuukuu linavuja: utengenezeshe jipya, ununue la mtumba au uzibe?

Ukipita Kizota, hapa Dodoma, asubuhi utakuta malori yenye umri mkubwa kuliko madereva wake: Bedford za mchanga, Isuzu za pua ndefu, Scania 111 ambazo kiwanda kiliacha kuzitoa mwaka 1981 lakini hapa bado zinabeba mawe na kokoto. Ujenzi uliofuata serikali kuhamia Dodoma umeyapa kazi upya, na msimu wa mavuno ukifika yanageuza pua kwenda Kibaigwa kubeba mahindi au Singida kufuata alizeti. Injini zake ni ngumu kufa. Kinachokufa ni bati, na tenki la mafuta huwa la kwanza kwenye foleni.

Hapa chini nimepanga njia za kutatua tatizo hilo, ya kununua na ya kuziba, kuanzia ile ningeichagua kwanza. Nazungumzia lori la dizeli lenye tenki la chuma. Kama gari lako ni la petroli, kwa mfano Land Rover ya zamani, soma kwa makini zaidi sehemu ya kuchomelea kabla hujamwita mtu yeyote mwenye moto.

Kabla ya kutoa hela

Tone halitokei pale linapodondokea. Dizeli huteleza juu ya bati mpaka sehemu ya chini kabisa, na kwa vumbi letu hili inajitengenezea tope jeusi linalofunika nusu ya tenki. Osha tenki lote kwa maji ya sabuni, likaushe, kisha lipake unga wa chaki uliosagwa. Baada ya nusu saa utaona mstari uliolowa unaanzia wapi. Mara nyingi unaanzia kwenye washa ya nati ya kumwagia, gasketi ya geji ya mafuta, au mpira wa ritani (unaorudisha mafuta ya ziada kwenye tenki) uliopasuka. Hivyo ni vitu vya hela ndogo, na wapo watu waliobadilisha tenki zima kwa sababu ya washa.

Ukikuta ni bati lenyewe, gonga sehemu ya chini kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Bati lililooza linatoa sauti ya kufa na kudondosha magamba. Geuza bisibisi ubonyeze kwa ncha. Ikizama, acha kufikiria kiraka. Tundu unaloliona ni moja, lakini maji yaliyokaa ndani yamekula sakafu nzima. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa. Yanaingia kwa mafuta ya madumu, na pia kwa unyevu wa hewa: tenki likilala nusu usiku wa baridi ya Juni na Julai, hewa iliyomo inatoa jasho kwenye kuta. Ndiyo maana madereva wa zamani wanajaza tenki jioni.

Na usiseme "linadondoka kidogo tu". Tone moja kila sekunde ni lita 3 au zaidi kwa saa 24. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, halafu uone mwezi mmoja unakula kiasi gani. Hapo sijataja lami inayolainishwa na dizeli wala bodaboda anayeteleza nyuma yako.

Namba 1: Tenki jipya la kutengenezesha hapa hapa

Kwa lori lililooza chini, hii inashinda zote, lakini kwa sharti kwamba bati unanunua wewe na kazi unaisimamia. Fundi akinunua vifaa peke yake atanunua kinachompa faida.

Omba shiti ya chuma cheusi ya milimita 2, ile mafundi wanayoiita geji 14. Geji 16 inafaa kwa tenki dogo la gari dogo. Kwenye chesisi ya lori inayoruka mashimo itapasuka kwenye kona. Tenki la sentimita 100 kwa 50 kwa 45 linabeba lita 225, na shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa ganda lote na vichwa viwili (kuta za mwisho huku na huku), mabaki yakawa vizuizi vya ndani vya kutuliza mafuta. Kwa hiyo ukiambiwa shiti mbili, uliza ya pili inakwenda wapi.

Usikubali mabati ya kuezekea wala shiti yoyote iliyopakwa zinki, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba haishiki kutu. Ni kweli haishiki upesi. Ila dizeli inaila ile zinki taratibu na kutengeneza utelezi kama sabuni, unaokwenda kuziba filta na kuganda kwenye nozeli. Utalipa kwa fundi pampu kile ulichookoa kwa muuza bati.

Halafu vizuizi. Mafundi wengi wanaviruka kwa sababu havionekani tenki likishafungwa, na wewe ukifika jioni utakuta limeshapigwa rangi. Lita 200 za dizeli zina uzito wa karibu kilo 170. Zikiwa huru zinapiga kichwa cha tenki kila unapofunga breki, na mishono haivumilii hilo miaka mingi. Weka vizuizi viwili vyenye uwazi juu na chini, na uvione kwa macho yako kabla kichwa cha mwisho hakijafungwa.

Mrija wa kunyonya uishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu, ili uchafu na maji vibaki chini. Uwe katikati ya tenki pia: ukiwa pembeni, siku ukipanda mlima wa Nyang'oro kwenda Iringa na mafuta kidogo, utavuta hewa na kuzimika mahali pabaya. Hakikisha kuna tundu la ritani, nati ya kumwagia kwenye sehemu ya chini kabisa, na tundu la kupumulia. Tenki lisilopumua linajinyonya, bati linabonyea ndani na gari linakosa nguvu, kisha kila mtu analaumu pampu.

Kupima mishono ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayoharibu tenki nyingi mpya. Fundi anachomeka mpira wa kompresa na kuachia. Kichwa cha sentimita 50 kwa 50 kikibeba mgandamizo wa ba 1 tu, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa tani mbili na nusu, na kompresa ya gereji inakwenda hadi ba 8. Ba 0.2 inatosha kabisa. Paka povu la sabuni kwenye mishono na uangalie mapovu.

Namba 2: Tenki la mtumba

Siku hizi unapanda treni ya SGR asubuhi, unashuka Dar, unazunguka kwa wauza vipuri wa Gerezani na jioni umerudi Dodoma. Tenki lenyewe halipandi treni, litakufuata kwa Fuso, lakini angalau umelichagua mwenyewe. Faida ya mtumba ni kwamba unaweza kupata la aluminiamu lililotoka kwenye Scania au Volvo, na hilo halishiki kutu. Hasara ni kwamba mikanda na viti vyake havitalingana na chesisi yako, hivyo weka hela ya kurekebisha.

Nenda na sumaku ya spika kuukuu. Kwenye tenki la chuma, ipitishe polepole sehemu yote ya chini. Pale inapolegea au kuanguka, chini ya rangi kuna fila (lipu ya kusawazisha bodi), na chini ya fila kuna tundu. Rangi mpya nyeusi inayong'aa kwenye tenki la mtumba ni sababu ya kuongeza maswali. Fungua mdomo wa tenki, mulika kwa tochi, kisha ingiza waya wenye kitambaa cheupe na ufute sakafu. Kikitoka na unga wa kahawia, mrudishie muuzaji maringo yake. Kwenye la aluminiamu, kagua pale mikanda ilipokuwa inabana, maana nyufa huanzia hapo. Na uliza kama fundi wako Dodoma anaweza kuchomelea aluminiamu, kwa sababu mashine yake ya kawaida ya vijiti vya chuma haitakusaidia.

Dai risiti. Matenki huibwa kwenye malori yaliyoegeshwa, na wewe hutaki kueleza kituoni ulilipata wapi.

Ukilinganisha namba 1 na namba 2 na bei zikakaribiana, mimi nachukua la kutengenezesha. La mtumba linashinda pale tu linapokuwa la aluminiamu, au la lori la aina ileile.

Namba 3: Kukata na kuchomelea kiraka

Inafaa kama bati ni zima na tatizo ni ufa wa mtikisiko au jiwe lililopiga. Kwa kutu, hapana: moto wa kuchomelea unatoboa pembeni ya kiraka, unaweka kiraka cha pili, na jioni tenki limekuwa nguo ya mkulima.

Lakini sababu kubwa ya kuishusha njia hii mpaka namba 3 ni hatari. Utasikia kwamba dizeli haishiki moto. Iliyomwagika chini ni kweli inasumbua kuwaka, kwa sababu inahitaji kufika nyuzijoto 50 na kitu ndipo itoe mvuke wa kutosha. Moto wa fundi unafikisha joto hilo papo hapo kwenye utando uliobaki ukutani, na mvuke ukichanganyika na hewa ndani ya boksi lililofungwa, hilo ni bomu. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Kwa petroli hata joto halihitajiki. Mvuke upo siku zote.

Mwambie fundi hivi: "Fundi, tunaliosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe, tunatoa geji na vifuniko vyote, tunajaza maji mpaka karibu na sehemu ya kuchomelea, ndiyo uwashe." Akikujibu kwamba amechomelea mengi bila hayo, mshukuru na uondoke. Wapo wanaoingiza moshi wa ekzosi wakiamini unafukuza hewa. Moshi wa injini ya dizeli iliyo sailensa, yaani inayonguruma bila kukanyagwa mafuta, bado una oksijeni nyingi, haulindi chochote. Na mtu akitaka kupuliza tenki kwa mpira wa oksijeni ili likauke haraka, kimbia kwanza, umweleze baadaye.

Namba 4: Fundi rejeta

Kitundu cha sindano kwenye tenki jembamba kinaweza kuzibwa kwa risasi ya kuyeyusha, ile wanayozibia rejeta. Kuosha ni kulekule. Risasi inashika vizuri kwenye bati safi, haishiki kwenye kutu, na mtikisiko wa barabara za vumbi utailegeza siku moja.

Namba 5: Rangi za kupaka ndani

Dawa kama POR-15 zinauzwa kwa seti: ya kuosha, ya kula kutu, na ya kupaka. Kwa gari dogo la kumbukumbu unaloendesha Jumapili, ni kitu kizuri. Kwa tenki la lori lenye vizuizi, huwezi kusafisha nyuma ya kila kizuizi, na rangi iliyoshikwa kwenye uchafu itabanduka na kwenda kwenye filta.

Namba 6: Gundi ya chuma na sabuni

Kipande cha sabuni ya mche, kikisuguliwa kwa nguvu kwenye ufa, kinazuia dizeli mpaka ufike mjini. Kila taniboi anajua hilo na ni kweli, sabuni haiyeyuki kwenye mafuta. Gundi ya chuma ya mirija miwili inakaa muda mrefu zaidi kama bati limesuguliwa likang'aa. Silikoni ya gasketi acha kabisa, inavimba ikikutana na mafuta. Ukikwama Manyoni, sabuni itakufikisha Dodoma. Lile dumu la lita 20 linalofungwa juu ya kichwa cha lori likateremsha mafuta kwa mpira mpaka kwenye pampu, mimi silihesabu hata kama njia.

Kuagiza tenki jipya la asili kutoka nje sijakupa namba. Meli inatoza kwa nafasi, na tenki ni boksi la hewa.

Utakalochagua, lifunge na mpira mpya kati yake na mikanda. Tairi kuukuu lililokatwa linatosha. Udongo ukikaa kati ya mkanda na bati unashika unyevu, na kutu inaanza upya hapohapo. Badilisha filta ya dizeli siku unayofunga tenki, na nyingine iweke chini ya kiti cha dereva, kwa sababu takataka za kuchomelea zitaanza kutoka wiki hiyohiyo.