"Madam, Kwani Ulidhani Umenunua Trekta?"

Hayo ndiyo maneno nilijibiwa na muuzaji wa yadi moja hapa Nairobi, jina la yadi sitaji maana sitaki kesi, nilipomrudia kumuuliza mbona gari aliyoniuzia ikiitwa fowili, yaani ya kuvuta magurudumu yote manne, imeniacha kwa matope. Alisema hivyo mbele ya wateja wengine, simu mkononi, hata macho hakuinua. Kwa hivyo leo msinitegemee maoni ya upole.

Gari yenyewe ni krosova ndogo ya Japani, zile zimejaa kila mahali, imeandikwa 4WD kwa mlango wa nyuma kwa herufi za kung'aa. Siku ya kuuza huyo huyo jamaa aliniambia hii inapanda hadi ukuta. Na mimi nilimweleza vizuri kabisa, nikamwambia ninakaa ndani ndani huko Kitengela, ukitoka lami ya Namanga unaingia blakoton, ule udongo mweusi unaonata, na anayekaa huko anajua masika ikigonga ule udongo barabara haina urafiki na mtu. Nikamwambia nataka gari ya kunifikisha nyumbani mwezi wa nne. Akasema madam hakuna shida, hii ni fowili. Hiyo "hakuna shida" yake bado ninayo kichwani.

Basi kuna jioni moja masika iliyopita, nimetoka kumchukua mama mkwe steji, mvua imenyesha tangu usiku, na nikaingia ile njia yetu bila wasiwasi kwa sababu si nina fowili. Mwanzo ilivuta sawa, unasikia hadi kwa kiti nyuma inasukuma. Kisha udongo ukaanza kushika tairi, na blakoton haitoki, inajaa kwa yale meno ya tairi mpaka hakuna meno tena, unabaki unazungusha donge la udongo juu ya udongo mwingine. Nikakanyaga mafuta, injini badala ya kunguruma ikakohoa, ile taa ya gari inayoteleza ikawa inapepesa kwa dashibodi, halafu ti-ti-ti, skrini ikatoa maandishi ya Kijapani. Mnajua hizi gari zetu zinakuja na Kijapani chao. Nikaipiga picha na simu, simu ikanisomea: mfumo wa fowili umepata joto kupita kiasi, gari sasa inatumia magurudumu mawili.

Sasa jameni. Katikati ya tope, giza linaingia, ndipo imeamua kuwa gari ya magurudumu mawili!

Mama mkwe akaniuliza kutoka kiti cha nyuma, taratibu tu, "Mwanangu, si ulisema hii inapanda ukuta?" Sikuwa na jibu. Wakati huo Probox ya jamaa wa maziwa, ya kuvuta mbele tu, haina fowili wala nini, ikatupita ikiyumba huku na huku, tairi zake zina meno makubwa, na dereva akatupungia mkono. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Wale vijana wa kamba, wa kuvuta magari yaliyokwama, walifika haraka, nadhani huwa wanangoja hapo. Mmoja akainama kwa dirisha akasema, "Mathe, zima traksheni kwanza, hiyo kitu ndiyo inakukata nguvu." Na ni kweli, kuna kitufe, ukiacha ikiwa imewashwa kompyuta ikiona tairi inateleza inafunga breki ya hiyo tairi na kupunguza nguvu ya injini, kwa lami ya maji ni kitu kizuri sana lakini kwa tope zito wakati mwingine inakunyima ile kasi ya kujitoa. Yadi hawakuniambia hata kitufe kiko wapi. Kijana wa kamba ndiye alinifundisha gari yangu, na nikamlipa elfu tatu na wenzake.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wangu Industrial Area. Alilala chini yake kidogo tu, akaomba sarafu ya shilingi, akaisimamisha kwa tairi ya mbele ikazama, akaisimamisha kwa ya nyuma ikabaki inachungulia nje karibu yote. Akacheka. "Wewe uliuziwa gari imevaa viatu vya watu wawili." Yadi walikuwa wameweka tairi mpya mbele, nyuma wakaacha zile zilizotoka nazo bandarini zimeisha. Hata saizi iliyoandikwa pembeni haikuwa moja. Fundi akanieleza kwamba gari kama yangu muda mwingi inavutwa na mbele, nyuma karibu na difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa tairi, kuna klachi ya sumaku, kompyuta ikiona mbele kunateleza inaibana ndiyo nyuma ipate nguvu. Tairi zikiwa tofauti, mbele na nyuma hazizunguki sawa, hiyo klachi inasuguana hata ukiwa Mombasa Road umenyooka. Ukifika kwa tope tayari iko moto, na sahani za hiyo klachi zikichemka kompyuta inaachilia zisiungue.

Na hii aina yenyewe, akaniambia, inamfaa mtu wa Hokkaido anayetoka nyumbani asubuhi kwa theluji, isukumwe kidogo, ameingia barabara iliyosafishwa. Haikutengenezewa kusukuma tope kilomita nzima. Zote zinaandikwa 4WD lakini hazifanani. X-Trail zile za kitufe cha duara unaweza kuweka loki, mbele na nyuma zibanwe pamoja. Haibridi za Toyota za E-Four hazina hata propela, ile chuma ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, huko nyuma ni mota ya umeme peke yake. Prado ina difu ya katikati inayofungwa na ina gia ndogo za kutambaa kwa nguvu, hiyo sasa ni hadithi nyingine na pesa nyingine. Subaru nayo mbele na nyuma ziko pamoja wakati wote, haingoji uteleze kwanza, na hapo shemeji yangu mwenye Forester akisikia ataanza tena mambo ya Colin McRae kushinda mbio za Safari ya 1997 na Subaru, tumechoka jamani. Lakini hata yeye hawezi kubishana na blakoton ikishajaa kwa tairi za lami.

Hapo ndipo nikarudi yadi, na picha za tairi kwa simu, nikajibiwa hiyo ya trekta. Eti tairi ni mambo ya mteja. Eti nikitaka ya matope ninunue ya matope.

Niliapa nitaiuza. Nikabandika hadi tangazo. Halafu nikaweka tairi nne mpya za saizi moja, zile za meno kidogo, na wiki chache baadaye nikapanda Limuru kwa mazishi, ukungu huwezi kuona bonati, mvua, barabara ya maramu katikati ya majani chai imekuwa utelezi, na hii gari ikapanda kama hakuna kitu kimefanyika. Magari mengine yako kwa mtaro, mimi napita. Taa haikuwaka hata mara moja. Nikateremsha tangazo usiku huo huo, sasa mnaniuliza kama ni gari mbaya? Sijui. Kwa lami yenye maji na kwa maramu naipenda, wallahi. Kwa blakoton iliyolowa bado naiacha kwa petroli steisheni natembea na gambuti. Na kusimama ndiyo usijidanganye, kwa Southern Bypass ikifurika itateleza ukifunga breki kama gari yoyote, fowili inakusaidia kuondoka tu.

Gari naipa nne kwa tano. Ngoja, tatu, sababu hiyo sauti ya ti-ti-ti bado naiota. Yadi siipi kitu, na yule jamaa kama unasoma, spea tairi uliyosema iko njiani inakuja bado haijafika.