Keria ya MX-5: ya kubana au ya kutoboa?

Mazda MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili lililozinduliwa Chicago mwaka 1989, haina buti la kujivunia. Toleo la nne lina takribani lita 130 tu. Mkisafiri wawili, begi la pili litapanda juu ya mfuniko wa buti, kwenye keria, yaani fremu ya kubebea mizigo.

Keria ya kubana hushikiliwa na kulabu na mikanda kwenye kingo za mfuniko. Ukifika unaivua, gari linabaki kama lilivyokuwa. Adui yake ni mchanga: ukinaswa chini ya raba za keria, mtikisiko huugeuza msasa na rangi inakwenda. Osha kwanza, bandika plastiki angavu ya kulinda rangi, kisha kaza mikanda tena baada ya mwendo mfupi, maana hulegea.

Ya kutoboa, inayofungwa kwa bolti, haiyumbi. Lakini tundu lisilopakwa rangi na kuzibwa vizuri hualika kutu, na keria ikitoka, matundu hayatoki. Gari la zamani lililo safi, mimi sitoboi.

Kwa vyovyote, nguo juu, vizito ndani ya buti, na begi lisizibe taa ya tatu ya breki.