Canon EOS R50 au R6 Mark II kwa mpiga picha wa Dar es Salaam

Kamera hizi mbili zisizo na kioo cha ndani zina megapikseli 24.2 kila moja, hivyo tofauti yake haimo katika idadi hiyo. R50, yenye gramu 375 pamoja na betri, inatosha kabisa kwa picha za mchana Kariakoo au Coco Beach. Ukumbini usiku, penye taa hafifu, R6 Mark II hustahili gharama yake: sensa yake, yaani kipande kinachonasa mwanga, ni kubwa zaidi na hutulizwa mkono unapotikisika, tena picha huweza kuhifadhiwa kwenye kadi mbili kwa pamoja, jambo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa kadi ikiharibika, harusi ya watu hairudiwi. Anayeanza anunue R50 pamoja na lenzi ya RF (aina ya kiungio cha lenzi cha Canon) ya milimita 50, ambayo baadaye itaingia kwenye R6 Mark II vilevile.