Kisiwa chenye Hazina mikononi mwa wanafunzi wa msingi: uzoefu wangu

Nianze na hukumu. Kisiwa chenye Hazina, yaani tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Robert Louis Stevenson, nakipa nyota nne kati ya tano kwa darasa la sita na la saba. Kwa darasa la tano ni nyota tatu, na kinazipata pale tu mtu mzima anapowasomea sura za mwanzo. Darasa la nne wasomewe chote. Chini ya hapo kiache kabatini, kwa sababu nitakazozitaja.

Nimekitumia pamoja na hadithi nyingine za visa na mikasa, na kabla ya kulinganisha lazima niseme jambo linalowapoteza walimu na wazazi wengi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto aliyeiva kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti, bila kukwama hata mara moja, asielewe nusu yake. Kwa hiyo ule ushauri wa kumwambia mtoto ainue kidole kila akikutana na neno gumu, na akifika vitano arudishe kitabu, kwetu haufanyi kazi vizuri. Hainui kidole kwa sababu neno limetamkika. "Tezi", "ngama", "demani", maneno ya ubaharia, hutoka mdomoni laini kabisa, na kichwani hakuna kitu.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Fungua kitabu katikati, si mwanzoni, maana waandishi wengi hupamba ukurasa wa kwanza. Mtoto asome ukurasa mmoja kimya, afunge kitabu, kisha ajibu kwa maneno yake: ni nani yuko hapa, wako wapi, anataka nini, na nini kinamzuia. Akijibu yote manne, mpe kitabu aende nacho. Akijibu matatu, msomee sura ya kwanza halafu mwachie. Mawili au pungufu, kitabu hicho kisomwe pamoja au kisubiri mwaka mwingine. Swali la "wako wapi" ndilo linaloangusha wengi, na katika hadithi za aina hii ndilo muhimu kuliko yote. Msomaji asiyejua nani yuko melini na nani yuko pwani hawezi kuogopa, na asipoogopa anakitupa.

Tafsiri nayo ina kipimo chake, hata hakichukui dakika mbili. Tafuta ukurasa wenye kukimbizana au kupigana, uangalie vitenzi. Vikija na -ka-, nikaruka, nikajibanza, akapita, nikashusha pumzi, basi mfasiri alikuwa anasimulia. Ukikuta kila sentensi ina "alikuwa" na "ambaye", na mtu anakufa baada ya viunganishi vitatu, rudisha rafu. Watoto hawajui kueleza kwa nini kitabu cha namna hiyo kinawachosha, lakini kinawachosha.

Sasa kitabu chenyewe. Riwaya asili ilitoka kwa sehemu sehemu katika jarida la vijana la Young Folks kati ya 1881 na 1882, ikawa kitabu mwaka 1883. Hiyo ndiyo siri ya mshiko wake: mwandishi alilazimika kumwacha msomaji roho juu, ili toleo linalofuata linunuliwe. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka 1929, kazi ya Frederick Johnson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa katibu wa kwanza wa kamati ya lugha iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Basi tarajia Kiswahili cha wakati ule. Kina utamu wake, ila mtoto wa leo anahitaji mkono.

Kabla ya kulipa, hesabu sura. Kitabu asili kina sura 34 katika sehemu sita. Nakala yenye pungufu ya hapo imefupishwa, na kufupishwa si kosa, ila angalia kilichokatwa. Mambo matatu hayaruhusiwi kukosekana: doa jeusi, yaani karatasi ya onyo ya maharamia, linaloletwa na Pew kipofu (sura ya 3), Jim, kijana anayesimulia hadithi, akiwa ndani ya pipa la matofaa (sura ya 11), na mapambano ya Jim na Israel Hands, mmoja wa waasi, juu ya mlingoti (sura ya 26). Likikosekana pipa, hadithi nzima haina kiungo. Humo ndimo Jim anamsikia Silver akipanga uasi, na msomaji anagundua kwamba yule mpishi mcheshi wa mguu mmoja ndiye hatari yenyewe.

Sura sita za kwanza zinakwenda kasi, hazihitaji msaada wowote. Tatizo linaanza ya 7 hadi ya 10, hadithi inapohamia Bristol kutafuta meli na mabaharia. Hapo ndipo nakala nyingi hurudi maktaba zikiwa na alama ya kikunjo ukurasa uleule. Dawa: sura ya 7 na ya 9 zisimuliwe kwa sentensi tano tano, ya 8 na ya 10 zisomwe kama zilivyo. Usisahau kutaja kwamba nahodha Smollett hakuwapenda mabaharia tangu mwanzo, maana jambo hilo litahitajika baadaye.

Shimo la pili ni sura ya 16 hadi ya 18. Mpaka hapo msimulizi ni Jim. Ghafla anayesema "mimi" ni Daktari Livesey, na sura ya 19 Jim anarudi. Kichwa cha sura kinadokeza, lakini watoto hawasomi vichwa vya sura. Matokeo yake wanadhani Jim yuko mahali pawili. Andika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, "Hapa anasimulia daktari", na kama unasoma kwa sauti, mpe mtu mwingine asome sura hizo tatu. Sauti ikibadilika, hakuna anayechanganyikiwa.

Kuhusu msamiati wa bahari, inategemea uko wapi. Mtoto wa Bagamoyo, Lamu au Pemba hana shida na nanga, tanga wala nahodha. Wa Mwanza na Kisumu anajua mashua na matanga, ila ngama ya meli kubwa hajaiona. Wa Dodoma au Tabora anahitaji mchoro. Chora ubaoni meli iliyokatwa ubavu: omo mbele, tezi nyuma, mlingoti katikati, sitaha, ngama chini, usukani. Maneno sita yanatosha kuanzia, na kwa kila sura inayofuata usizidishe manane mapya. Orodha ya maneno thelathini kabla ya hadithi ni njia ya uhakika ya kuua hadithi.

Kuna neno moja la kuwatekenya nalo. Kasuku wa Silver hupiga kelele akitaja sarafu za Kihispania za real nane. "Reale" yetu, fedha iliyohesabiwa sana Unguja na Mombasa zamani, jina lake limetoka kwenye real hiyohiyo. Waambie hilo, uone kasuku anavyopata maana.

Ramani ni nusu ya kitabu. Stevenson aliichora kwanza, huko Braemar, Scotland, mwaka 1881, hadithi ikafuata. Kwa hiyo nakala isiyo na ramani naihesabu kuwa pungufu, na mojawapo ya nilizotumia haikuwa nayo. Unaweza kuitengeneza: karatasi ya A3, kisiwa chenye urefu wa maili tisa na upana wa maili tano (kilomita 14 kwa 8 hivi), kilima cha Darubini, Kisiwa cha Mifupa upande wa kusini, na misalaba mitatu myekundu, miwili kaskazini na mmoja kusini-magharibi, ambao ndio wa hazina kubwa. Kipimo cha sentimita mbili kwa maili kinakaa vizuri. Ibandike ukutani, na kila sura ikiisha mtoto mmoja asogeze pini ya Jim na pini ya Silver. Lile swali la "wako wapi" linajibika lenyewe.

Yaliyomo: watu wanauawa, na si kwa kificho. Sura ya 14 Silver anamuua baharia Tom mbele ya macho ya Jim aliyejificha. Sura ya 26 Hands anakufa kwa bastola. Pombe ya ramu inanywewa kama maji. Haya ndiyo yanayonifanya niwazuie darasa la tatu. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba wanaoogopwa zaidi ni kipofu na mlemavu wa mguu. Kama darasani kuna mtoto mwenye ulemavu, soma sura ya 3 mwenyewe kwanza na upange la kusema, maana jina la utani huzaliwa ndani ya dakika moja. Wanawake karibu hawamo: mama yake Jim ndiye pekee mwenye nafasi, tena mwanzoni. Wasichana wengi hukipenda hata hivyo, ila kisiwe kitabu pekee cha muhula.

Kando yake, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kina safari, majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Mali yote hiyo! Kinachokidhoofisha kwa umri huu ni majina: ndugu wanaitwa Hasidi na Mwivu, basi mtoto ameshajua watakalolifanya kabla hawajalifanya. Lugha nayo ni nzito. Msomee darasa la sita kwa sauti, usimpe akasome peke yake. Safari za Gulliver, katika riwaya ya Jonathan Swift, zipo nne, lakini kwa shule ya msingi chukua mbili za mwanzo, ya watu wadogo na ya majitu. Ya tatu na ya nne ni kejeli ya watu wazima. Ile ya watu wadogo inasaidia hesabu: Gulliver ni mrefu mara 12 kuliko wao, kwa hiyo ujazo wake ni 12 × 12 × 12, yaani 1728. Wape watafute anahitaji sahani ngapi za wali.

Kwa darasa la pili hadi la nne, hadithi fupi za bure za tovuti za African Storybook na StoryWeaver ni ngazi nzuri. Zipo za Kiswahili, zimepangwa kwa viwango, unaweza kuzichapa. Ila si riwaya, na tafsiri nyingine zinahitaji kusomwa na mtu mzima kwanza.

Kama una nakala moja na watoto 60, usizungushe kitabu. Sura ya toleo kamili huchukua robo saa hadi dakika 25 kusomwa kwa sauti, hivyo inaingia kwenye kipindi cha dakika 40. Sura tatu kwa wiki, wiki 12 umemaliza. Ukienda sura moja kwa wiki, watasahau nani ni nani. Acha palepale sura inapoishia, hata wakilalamika. Sura ya 11 inaishia kwa kelele ya kuona nchi kavu, na hapo huhitaji kuuliza nani anataka kuendelea. Na tafadhali, usimalizie kila sura kwa "tunajifunza nini?" Uliza "unadhani Silver atafanya nini?" Swali la kwanza linajibiwa kwa wimbo wa darasa zima, la pili linazua ubishi.

Nakala zenyewe: vitabu vilivyogandishwa kwa gundi hupasuka mgongo katikati ndani ya muhula. Toboa matundu manne kwa msumari mwembamba, nusu sentimita kutoka mgongoni, ushone kwa uzi wa viatu, kisha ufunike jalada kwa karatasi ya kaki na nailoni juu yake. Herufi ziwe pointi 12 au zaidi. Chini ya hapo, darasani mwenye dirisha moja, wanaokaa nyuma wataacha.

La mwisho, pitia picha kabla ya kugawa. Mwishoni mwa sura ya 32 wanafika kwenye hazina na kukuta shimo tupu. Kama kuna mchoro wa shimo hilo, bandika karatasi juu yake kwa gundi hafifu, maana watoto hupekua picha kwanza. Ibandue siku mnapofika.