Mlio wa chini ya Hilux: gereji ya Mwanjelwa iliyosikiliza kabla ya kufungua

Mwenye pikapu ya zamani inayolia chini, huku kila fundi akimtajia ugonjwa wake, haya yatamfaa. Hilux yangu ni ya mwaka 1996, ya dizeli, injini ya aina iitwayo 3L, na kazi yake ni kushusha viazi kutoka upande wa Isyonje hadi Mbeya mjini. Ilianza na mlio mwembamba kama wa kifaranga, unasikika gari likiondoka taratibu, likichanganya unapotea. Baadaye ukaja mlio wa kugonga, "ko!", kila nikiingiza gia ya kwanza au ya rivasi na kuachia klachi. Mwisho sakafu ikaanza kutetema kwenye kilomita 60 hivi kwa saa, hasa nikiwa na mzigo.

Gereji ya kwanza walipiga jeki, wakatikisa tairi, wakasema difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa tairi) imekwisha, nitafute ya mtumba. Hakuna hata mmoja aliyeliendesha. Mtu anakutuma ukanunue difu bila kusikia gari linavyolia!

Hii ya Mwanjelwa ni banda la mabati tu, halina hata kibao. Fundi hakushika spana. "Subiri mama, tukalisikilize kwanza." Gari likiwa limesimama alipiga resi: kimya. Akakanyaga klachi, akaachia: hakuna kilichobadilika. Tukaingia barabara ya TANZAM, ile kuu ya kwenda Zambia, kwenye kipande kilichonyooka, magari yakiwa machache. Mtetemo ulipokolea akatoa gia na kuacha gari lijiendee. Mtetemo ukabaki vilevile. Akarudia mwendo uleule kwa gia tatu, kisha nne. Injini ilibadili mzunguko, mtetemo haukujali. Hapo akaniambia injini na klachi tuziache, tatizo liko kwenye vitu vinavyofuata mwendo wa tairi. Akayumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, kwa sababu beringi ya tairi iliyochoka huvuma zaidi upande ambao uzito umeuelemea. Hakuna. Na difu mbovu, alisema, kwa kawaida ina mvumo mrefu unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiyaachia. Wangu haukuwa hivyo.

Tuliporudi akaweka vigingi kwenye tairi, akaingia uvunguni na kuizungusha kwa mkono shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma kwenye difu. Krosi ya nyuma, kiungo kinachoiwezesha shafti kupinda ikizunguka, ilikuwa inacheza, na vumbi jekundu la kutu limezunguka vikombe vyake: sindano za ndani zilikaukiwa grisi, ndiyo kile kifaranga. Raba ya senta beringi, ile inayoshikilia shafti katikati, nayo imechanika, shafti inapiga huku na huku. Oil ya difu aliichezea kati ya vidole, haikuwa na chembe za chuma. Difu iliyohukumiwa ilikuwa nzima.

Kilichonifanya nimwamini kabisa ni alama alizopiga kwenye flanji (sahani inayofungwa kwa boliti kwenye difu) na pale vipande viwili vya shafti vinapoingiliana, kabla ya kulegeza boliti hata moja. Ukirudisha ovyo meno ya maungio hayo, masikio ya krosi hayakai mstari mmoja na gari litatetema hata kama spea zote ni mpya. Krosi niliyoleta dukani aliipima na ya zamani, akaona vikombe havilingani, akanirudisha nikabadilishe. Akasisitiza yenye nipeli, kitundu cha kuingizia grisi, ili niweze kupiga grisi kila baada ya safari za matope.

Gharama yote, spea na ufundi, haikufika robo ya difu niliyotajiwa. Kusikiliza analipisha peke yake, na naona ni haki yake. Dosari zipo: risiti hatoi mpaka umkumbushe, na Jumamosi foleni ni ndefu.

Kugonga na mtetemo vimekwisha, hata nikiwa na mzigo. Sili ya pinioni, raba inayozuia oil pale shafti inapoingia kwenye difu, inatoa jasho kidogo la oil. Amesema haijafika wakati wa kubadilishwa, nipime oil ya difu kila mwezi na nimrudishie ikianza kudondosha.